Mashine ya Vidole na Kichwa cha Kaka

Mstari ulipanda! Mpaka leo nikiukumbuka ule mstari wa kijani kwenye kioo cha tableti mwili unanisisimka, ingawa baadaye hakuna mtu pale nyumbani aliyeusema vibaya kunishinda mimi. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba kidogo cha mazoezi ya viungo, Kibaha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, kidole cha shahada kimebanwa na kitu kinachofanana na kibanio cha nguo. Hakushika chochote cha moto. Alifumba macho, akapumua polepole, akawaza kwamba mkono wake umo ndani ya maji ya vuguvugu. Na joto la kidole likapanda kweli.

"Umeona?" akaniuliza mtaalamu wa viungo, kijana mmoja mchangamfu aliyerudi na mashine ile kutoka masomoni nje.

"Nimeona," nikasema. "Ila na chumba chenyewe kina joto."

"Profesa kashaanza," kaka akasema bila kufumbua macho, na papo hapo mstari ukashuka. Tukacheka wote watatu.

Wanaita baiofidibaki. Kwa maneno ya nyumbani, mashine inakuonyesha mwili wako unafanya nini kwa siri, joto la vidole, mapigo ya moyo, misuli kujikaza, ili ukiona ujifunze kuuongoza mwenyewe. Mimi nimesoma fizikia chuo kikuu, na tangu nimalize nafundisha kwa muda huku nikisubiri ajira. Kitu chochote chenye namba na mstari kinanipandisha mori. Kwa hiyo nitasema ukweli: siku ile nilitoka pale nikiruka ruka barabarani kama mtoto. Mtu amepasha kidole kwa mawazo! Halafu kabla hatujafika kituoni swali likaniingia na halikutoka tena. Kidole ni kidole. Kichwa je?

Kwa sababu kaka hakwenda pale kwa ajili ya vidole. Anaendesha foklifti katika kiwanda kimoja cha Zegereni, ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, na kwa muda mwingi wa mwaka haumwi hata mafua. Halafu unakuja msimu. Kila siku, karibu saa ileile ya alasiri, jicho lake la kushoto linakuwa jekundu, kope inalegea, chozi linatoka upande huo tu, pua inaziba upande huo tu, na nyuma ya jicho panaingia kitu anachokifananisha na msumari uliotoka kwenye makaa. Mwenye kipandauso hutafuta giza na kitanda. Kaka hawezi kulala, hawezi hata kukaa. Anatembea. Anazunguka nyumba, anapiga ukuta kwa ngumi, wakati mwingine kwa kichwa chenyewe. Baadaye maumivu yanakatika kama taa iliyozimwa, anaomba maji, anaanza kuongea habari za mpira. Hospitalini daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akatutajia jina la kitaalamu la ugonjwa huo, klasta, kwa sababu mashambulizi yanakuja yamerundikana, kisha yanapotea kwa miezi mingi. Akampa vidonge vya kumeza kila siku vya kuzuia, na akatuambia shambulio likimkuta karibu aletwe avutishwe oksijeni kwa barakoa.

Sasa, mwaka huo msimu uliangukia kwenye harusi.

Mchumba wake ni wa Kisarawe, watu wa pale tangu zamani, wakulima wa mikorosho, na baba yake ana duka la majembe na dawa za kupulizia mikorosho hiyo. Kaka alipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, shambulio lilimkuta hukohuko. Alitoka sebuleni bila kuaga, akaenda kugonga paji la uso kwenye mfenesi uliokuwa uani. Majirani waliona. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba bwana harusi wa Kibaha amepandisha mashetani.

Mzee, baba wa mchumba, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituita, akatuambia mbele ya mama yetu: "Mimi mashetani siyasemi. Ila mwanangu simpi mtu ambaye sijui anaumwa nini. Nitamtazama siku ya ndoa. Akikaa, akanipa mkono, akajibu akasikika, sina neno. Akishindwa, tutazungumza upya." Na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri, kama kawaida yao. Saa ileile!

"Tuwaombe waifanye asubuhi," nilimwambia kaka tukirudi.

"Ili waseme nimeyakimbia mashetani yangu? Thubutu."

Ndiyo maana tukaifuata mashine. Alihitaji kukaa kwenye mkeka, kutulia, na kujibu. Nami nilihitaji kujua kama mashine inamsaidia kweli au inatupa burudani tu. Nikasoma kila nilichoweza kukipata. Kwa kipandauso na kwa kichwa cha uchovu na mkazo, nilikuta watu wengi wamepimwa na wapo waliopata nafuu. Kwa klasta, nilikuta karibu patupu: mgonjwa mmoja hapa, wawili pale, kila mmoja anasimuliwa kivyake. Nikamfuata daktari.

"Inasaidia?" nikamuuliza.

"Kichwa chenyewe sina ushahidi," akasema. "Woga, pengine. Mtu akikaa anasubiri maumivu kila siku anakwisha kwa kusubiri tu. Mwache apumue, hakuna ubaya. Ila vidonge asiache. Umenisikia? Asiache."

Mtaalamu wa viungo akatuazima mashine kwa mazoezi ya nyumbani, na kwetu ikawa sikukuu. Kila mtu alitaka kuvaa kibanio. Mama alivaa akiwa anachambua mchele, mstari ukapanda moja kwa moja na kubaki huko. "Mimi nimewalea ninyi wawili," akasema, "kutulia nakujua." Mimi nilipovaa mstari ulikuwa kama barabara ya mashimo. Kadiri nilivyojiuliza kwa nini haupandi, ndivyo ulivyoshuka. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Profesa, kidole chako kinabishana na mashine!"

Lakini Jumapili moja ndiyo iliyonifanya nikose raha kwa furaha, kama kuna kitu cha namna hiyo. Alikuwa kwenye mazoezi, kibanio kidoleni, mimi natazama kioo. Ghafla jicho lake likaanza kubadilika rangi. "Linakuja," akasema.

"Usivue!" nikapiga kelele. "Kaka, tafadhali, usivue, endelea!"

Naye, Mungu ambariki, akaendelea. Akapumua. Akawaza maji ya vuguvugu. Mstari ukapanda vizuri kabisa, ukanyooka juu, mzuri kuliko siku zote, huku chozi linamchuruzika hadi kwenye ndevu na taya linatetemeka. Vidole vilikuwa vimetii kila kitu. Kichwa kilikuwa hakina habari na vidole. Hatimaye akang'oa kibanio, akatoka nje, akaanza kuzunguka nyumba.

Nilibaki nimeshika tableti. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jibu la swali langu! Mashine inapima kidole na inafundisha kidole. Nikataka kumkimbilia mtu nimwambie. Kisha nikamsikia kaka anapita dirishani, na nikagundua kitu kingine ambacho hakikuingia kwenye jibu langu zuri. Siku ile hakupiga ukuta. Alitembea, akapumua kwa sauti, akatembea, akapumua. Shambulio lilikuwa refu kama mengine, alisema uchungu ulikuwa uleule, ila ukuta hakuugusa.

"Kwa nini?" nilimuuliza lilipokatika.

"Sijui. Nilijua litaisha."

"Si hata zamani ulijua litaisha?"

Akafikiri. "Zamani nilijua. Leo nilikumbuka."

Sikuwa na pa kuliweka hilo. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Baada ya hapo mashambulizi yakapungua, halafu yakanyamaza kabisa. Ilikuwa imebaki kama wiki moja na kidogo kufika harusi. Nyumba nzima iliipigia makofi mashine. Mimi peke yangu sikupiga.

"Mwaka juzi uliacha maharage," nikamwambia, "mashambulizi yakaisha, ukasema ni maharage. Mwaka jana mjomba alikupeleka ukaandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji, ukanywa, yakaisha, mjomba mpaka leo anajisifu. Mwaka huu mashine. Kaka, hujaona? Kila mara tunatafuta dawa mateso yakiwa yamezidi, na yakizidi ndiyo yanakaribia kuondoka. Chochote utakachofanya wakati huo kitaonekana dawa. Ukivaa soksi za njano, soksi za njano zitakuponya."

"Kwa hiyo mashine ni soksi?"

"Sijui! Ndicho ninachosema, sijui. Na una vidonge juu yake. Labda ni vidonge. Labda ni msimu. Hujapumzisha kitu kimoja kujua kingine."

"Wewe," akasema akiwa amekasirika kidogo sasa, "mtu akipona unamtafutia sababu ya kuumwa."

Hayo maneno yangu ya mwisho, kupumzisha kitu kimoja kujua kingine, aliyachukua kwa namna ambayo sikuitarajia. Asubuhi ya harusi, tumefika Kisarawe, anavaa kanzu katika chumba tulichopewa nyumba ya jirani, nikamuuliza kama amemeza kidonge. Akatabasamu kwenye kioo.

"Nimeviacha tangu Jumatatu. Vilikuwa vinanifunga tumbo, bwana harusi gani anatembea na tumbo kama ngoma? Na mashambulizi hayajarudi. Si ulitaka kujua? Haya, sasa unajua ni mashine."

Nikafungua mkoba nilimobeba vidonge vya akiba. Nilimpa kidonge, akakimeza ili kunyamazisha makelele yangu, lakini nilijua kidonge kimoja cha siku hiyo hakijengi ukuta uliobomolewa kwa siku kadhaa.

Baada ya alasiri wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, mbele ya nyumba. Sisi wanawake tulijaa sebuleni kwenye dirisha, wengine uani kwenye masufuria ya pilau. Kaka alikaa katikati, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kufumwa kwa mkono, mbele yake mzee, baba wa bibi harusi, na shehe pembeni yao. Alipendeza mpaka shangazi wa bibi harusi aliyekuwa amenibana begani akaninong'oneza, "Huyu ndiye mnayesema ana mashetani? Mashetani wana bahati."

Shehe akaanza hotuba. Nikaona mkono wa kaka unakwenda kwenye jicho la kushoto.

Akaushusha. Akafumba macho, akaweka viganja juu ya magoti, akaanza kupumua kama alivyofundishwa. Kutoka dirishani niliona kifua kinapanda na kushuka, polepole, vizuri, mwanafunzi bora. Nilijua kabisa kwamba vidole vyake wakati ule vina joto. Nilijua pia kope yake ya kushoto inalegea. Shehe aliendelea kusoma. Kaka alivumilia kadiri alivyoweza, na siyo kidogo, kisha akasimama ghafla, akarudi nyuma akipangua viatu vya watu, akaelekea getini.

"Bwana harusi anaondoka!"

"Anakimbia ndoa! Fungeni geti!"

Binamu mmoja wa bibi harusi alirukia geti akalikomea kwa mwili wake. Mjomba wetu, yule wa kombe, alikuwa anapiga kelele upande wa pili: "Mlazeni chini! Mshikeni, mlazeni, mwageni maji!" Na vijana wawili wakamshika kweli kaka mikononi wakaanza kumvuta chini.

Sijui nilitokaje mle sebuleni. Nakumbuka tu niko katikati ya mikeka ya wanaume, ushungi umeanguka mabegani, napiga kelele: "Mwacheni atembee! Hakimbii, anaumwa! Akilazwa ndiyo anakufa, mwacheni atembee!"

Vijana wakamwachia. Kaka akaanza kutembea, kutoka getini mpaka kibarazani, kutoka kibarazani mpaka getini, kiganja juu ya jicho. Mzee aliinuka taratibu, akavaa makubazi yake, akaenda kusimama kwenye njia yake. Kaka hakuweza kusimama, kwa hiyo mzee ikabidi ageuke atembee naye.

"Unaumwa au unakimbia?"

"Naumwa, mzee." Akavuta pumzi. "Ni kichwa. Ni kile kilekile."

"Mwanangu unamtaka?"

"Namtaka. Ila kukaa siwezi."

Walikwenda mpaka getini wakarudi. Watu wote tulikuwa tunawafuata kwa shingo. Walipofika mbele ya shehe mzee akasema kwa sauti ya dukani, "Shehe! Kukaa ni sharti?"

Shehe alifunga kitabu, akafikiri. "Sharti ni walii wa kumwozesha binti, mashahidi wawili, na maneno yasikike pande zote. Mkao ni adabu tu."

"Basi inuka, shehe. Mashahidi, inukeni. Nipe mkono, kijana."

Akamshika kaka mkono, kama inavyotakiwa, na wakaondoka, mkono kwa mkono, shehe nyuma yao ameinua kanzu isikanyagwe, mashahidi wakikimbilia viatu. Kaka hakuweza kugeuka kila baada ya hatua chache, akataka kuzunguka nyumba kama azungukavyo nyumbani kwetu, basi ndoa nzima ikakata kona ikaingia uani kwa wanawake.

"Ndoa inapita! Sogezeni sufuria! Wee, kanga yako, ndoa inapita!"

"Punguzeni mwendo," akalalamika shahidi mmoja, mtu wa kitambi, "mimi sijasikia kitu!"

"Kimbia usikie!" wakamjibu wanawake. "Si umekubali kuwa shahidi?"

Niliwafuata nikicheka na kulia kwa pamoja, ushungi mkononi. Na palepale kati ya rundo la kuni na sufuria kubwa, chini ya dirisha la chumba alichokaa bibi harusi, mzee alitamka, akamtaja binti yake kwa jina lake na la kwake mwenyewe, kwa mahari waliyokubaliana. Kaka alikuwa amefumba jicho moja, chozi limefika shingoni. Akavuta pumzi moja ndefu. Akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba amekubali kumuoa, kwa mahari hiyo.

"Nimesikia!" shahidi wa kitambi akapiga kelele kabla ya mtu yeyote, na vigelegele vikapasuka uani kote, na ndani ya dirisha, nina hakika, kigelegele kimoja ambacho bibi harusi hakutakiwa kukipiga.

Mzee hakumwachia mkono. Wageni walirudi kwenye mikeka, pilau ikaanza kupakuliwa, na wao wawili waliendelea kuzunguka nyumba, mara moja baada ya nyingine, mzee akimwelekeza palipo na kamba za turubai asijikwae. Desturi ni bwana harusi aingie ndani kumpa mke wake mkono. Ilipoonekana hawezi, bibi harusi alitoka mwenyewe, hina mpaka kwenye viwiko, shangazi yake akimkimbiza nyuma na mtandio. "Rudi ndani, wewe mtoto huna haya!" Hakurudi. Aliuchukua ule mkono kutoka kwa baba yake, akatembea. Shambulio likakatika wakiwa karibu na mfenesi. Kaka alisimama, akapepesa macho, akasema, "Limekwisha. Maji yapo?"

Ndipo mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kinu akijipepea kwa kofia, akaniita.

"Wewe ndiye msomi. Hiyo mashine aliyokuwa akiniambia, inasaidia au haisaidii?"

"Kichwa chenyewe sijaona kikisaidiwa, mzee. Leo umeona mwenyewe, alipumua vizuri na kikaja vilevile."

"Lakini nilikaa," kaka akaingilia, glasi mdomoni. "Zamani ningetoka shehe anaanza tu. Na nilikusikia, mzee, kila neno. Isingekuwa kupumua nisingesikia."

"Au ungesikia tu," nikasema.

"Mnaona? Hata leo!"

"Au ungesikia tu, kaka, hatujui! Mtu mmoja, siku moja, na vidonge umeviacha!"

"Vidonge ameviacha?" Bibi harusi aligeuka. Hakuwa amepaza sauti, lakini kaka aliweka glasi chini.

"Tangu Jumatatu," nikasema, kwa sababu mimi sijui kuficha.

Alimwacha mume wake mpya hapo, akanishika kiwiko akanisogeza pembeni kama tunajuana miaka yote. Akaanza kuniuliza. Msimu unaanza mwezi gani? Huwa unabadilika? Siku za mwanzo kabisa za msimu, kabla haujafika kileleni, amewahi kuvaa mashine? Hajawahi? Kwa nini hajawahi? Tukiianza mapema, wakati bado msimu uko mbali kuisha, si ndiyo tutajua? Hayo ndiyo maswali niliyotakiwa kuuliza mimi, na mengine sikuwa nimeyafikiria. Nikamwambia tunaweza kufanya siku nyingine kwa mashine, siku nyingine bila, tukichagua kwa kurusha shilingi, tukiandika ukali wa kila shambulio na jinsi alivyoogopa, viwili mbalimbali.

"Sawa, wifi," akasema, akirekebisha mtandio ambao shangazi alikuwa amefanikiwa kumrushia. "Woga kivyake, maumivu kivyake. Lakini vidonge vyake anameza kila siku, atake asitake. Hiyo mashine yako utaipima juu ya vidonge."